Ukuta Uliochimbwa Jumamosi

Ukuta wa bwawa la baba mkubwa ulijengwa kwa udongo wenye dhahabu, na katika kata nzima mtu wa mwisho kulijua hilo alikuwa yeye mwenyewe. Udongo aliutoa kwenye vilima vya taka za mgodi wa zamani upande wa Macalder, kwa sababu ulikuwa bure, ulikuwa karibu, na trekta likiupitia mara chache unashikamana kama simiti. Alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Nyatike analijua: wenye mgodi ule waliondoka na dhahabu kubwa, ndogo wakaiacha. Kwenye taka zile watu wamelea watoto, wamejenga, wameoa. Yeye alizibeba kwa lori, akazirundika mbele ya kijito, akapanda nyasi juu, akanunua mashua za kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, akajenga banda la samaki wa kuchoma, na kila Jumapili watu walitoka Migori mjini, Karungu, hata Homa Bay, kuja kustarehe.

Chini ya ukuta huo, ng'ambo ya kijito, aliishi mama yake.

Nyanya alikuwa pale kabla ya bwawa. Nyumba yake, zizi lake, na kaburi la babu lililosakafiwa mbele ya mlango, vyote vilikuwa kwenye bonde dogo ambalo maji yangepita kama ukuta ungeachia. Baba mkubwa hakuliona hivyo. Yeye aliona kwamba amemletea mama yake maji karibu.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na digrii ya uhandisi wa maji, na barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Mimi ni mtu ambaye simu ikiita alfajiri tayari nimeshamzika mtu kabla sijapokea. Baba mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini na mzee wa kanisa la Wasabato, alinitazama nikizunguka uani siku nyingi kisha akasema, "Wewe umesoma maji. Nenda ukakae na maji."

Basi nikakaa nayo. Kila asubuhi nilitembea juu ya ukuta na fimbo. Nilikuwa ninang'oa miche ya miti kabla haijatia mizizi, maana mzizi ukioza ndani ya ukuta unaacha tundu kama bomba. Mashimo ya kenge niliyajaza na kuyashindilia. Nilipalilia mfereji wa pembeni, ule unaotoa maji ya ziada bwawa likijaa na kuyazungusha nyuma ya kilima, mbali na boma la nyanya. Kisha nilishuka chini na kupiga magoti mahali ambapo ukuta ulikuwa na unyevu siku zote. Ukuta wa udongo hutoka jasho, hilo si kosa. Maji yakiwa maangavu, ni jasho. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, ukuta unatokwa na damu, kwa sababu yanatoka na udongo wa ndani. Nilikuwa nayachota kwa kiganja na kuyatazama mpaka macho yananiuma. Usiku niliota chai.

Kitu nilichokiogopa zaidi kilikuwa bomba la chini. Kila bwawa lina bomba la kulifungulia maji siku ya hatari. La kwetu lilikuwa na vali iliyoshikana kwa kutu, maana haikuwahi kuguswa. Kulifungua kungeshusha maji, na maji yakishuka mashua zinakwama kwenye tope.

"Baba, tuibadilishe," nilimwambia.

"Ikibadilishwa itafunguliwa," alijibu. "Nakujua wewe. Wingu likitokea Tanzania utafungua."

Hapo alikuwa ameniweza.

Jambo la pili nililomwomba lilikuwa kumhamisha nyanya apande juu, kwenye mteremko. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugomvi wao ulikuwa wa zamani kuliko bwawa. Nyanya ni Mkatoliki. Anakwenda misa Jumapili na rozari yake, lakini kwake mjane hatoki katika dala, boma la mumewe, hivihivi kama mpangaji. Lazima mwanawe mkubwa atangulie na jogoo mkononi na shoka begani, yeye afuate nyuma, na siku hiyohiyo kibanda kisimame na alale humo jua likizama. Bila hivyo ni kuita laana kwa wajukuu. Baba mkubwa naye alikuwa ameapa, tangu abatizwe, kwamba hatashika jogoo wa mtu yeyote isipokuwa yuko kwenye sahani.

Niliwapelekea maneno kama posta.

"Mwambie aje na jogoo," nyanya alisema akimenya ndizi. "Mimi sijakataa kuhama. Nimekataa kuhama kama mwizi."

"Mwambie hayo ni mambo ya mapepo," baba mkubwa alisema. "Nimjengee nyumba ya matofali, na vigae, na choo ndani. Jogoo wa nini?"

"Choo ndani?" nyanya alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mke mwenzangu, huyo mume wetu aliyelala hapo nje akisikia nimekwenda kunya ndani ya nyumba atafufuka." Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, wake wenza, na mimi nilikuwa nacheka kila mara, hata nikiwa na hofu.

Mashimo yalianza kuonekana mvua za vuli zilipokaribia. Niliyadhania ya kenge. Niliyajaza. Jumapili iliyofuata nikakuta mengine, mapya, marefu kuliko kenge yeyote, yameingia chini ya ukuta upande wa nyanya. Mdomoni mwa moja palikuwa na karai lililosahauliwa, na ndani yake mchanga mweusi uliooshwa ukaoshwa.

Yalikuwa yanachimbwa Jumamosi. Bwawa letu lilikuwa ndilo bwawa la starehe pekee nililowahi kulisikia linalofungwa Jumamosi. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi linapozama, geti lilikuwa na mnyororo, mashua zimefungwa, na mlinzi, mpishi, mkata tiketi na mwenye mali wote wako kanisani mpaka jioni. Mlinzi alikuwa Msabato kwa sababu baba mkubwa aliajiri Wasabato tu. Nilimwomba amwajiri Mkatoliki mmoja, wa siku hiyo moja.

"Amri inamhesabu hata mgeni aliye langoni," alisema. "Nikimlipa mtu avunje Sabato kwa niaba yangu, nimeivunja mara mbili."

"Basi nikae mimi. Bure."

"Wewe utakaa kanisani, karibu nami, nikuone."

Wachimbaji walijua ratiba yetu ya ibada kuliko baadhi ya washiriki.

Ijumaa moja alasiri mchimbaji mmoja alikosea, akawahi. Alikuwa kijana mrefu mwenye jezi nyekundu ya mpira, na baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyemkuta, miguu ikitokeza shimoni. Alimfunga kwenye nguzo ya banda la samaki kwa kamba za mashua, akamchapa kwa mpira wa kunyunyizia maji. Si kama mtu anayemwadhibu mtoto. Alimchapa mpaka jezi ikapasuka mgongoni, na ngozi chini yake ikapasuka vilevile. Mlinzi alikuwa anamshika kichwa. Nilisema "Baba, basi," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kijana hakulia. Alikuwa anatazama upande wa magharibi, na mwishowe akasema, "Mzee, jua linazama. Utachelewa Sabato yako."

Baba mkubwa aliacha. Aliosha mikono kwenye bwawa, akamfungua, akaenda kuvaa suti.

Kwa wiki iliyofuata nilifikiri juu ya sentensi hiyo zaidi kuliko juu ya mashimo. Halafu watu wakamkuta mlinzi akitoka kununua unga, wakampiga mawe, jicho la kushoto likapotea. Hakuna aliyesema ni akina nani. Baba mkubwa aliwapa vijana wa kanisa marungu na kuwaambia wakae tayari. Nikamwambia kwamba marungu hayazibi shimo. Akaniambia nisome Zaburi.

Mvua ilinyesha kuanzia Alhamisi. Ijumaa maji yalikuwa yamefika kwenye mfereji wa pembeni na kuanza kumwagika taratibu, kama inavyotakiwa. Jumamosi asubuhi nilijifanya naumwa tumbo, na kwa kweli nilikuwa naumwa. Wote walipoondoka kwenda ibada nilishuka hadi ukutani.

Walikuwa wengi. Sururu, mitaimbo, magunia ya udongo yamepangwa kando kama shehena ya sokoni. Walikuwa wameacha mashimo madogo na kuchimba moja kubwa, pango ambalo mtu anaweza kuingia ameinama, palepale kwenye unyevu wangu. Yule mwenye jezi alikuwa amekaa juu ya gunia akinywa uji wa chupa.

"Madam Injinia," alisema. "Leo hukuenda kutubu?"

"Tokeni," nilisema. "Bwawa limejaa. Mnachimba chini ya maji."

"Sisi tunachimba chini ya maji kila siku. Kule migodini tunachimba chini ya maji, chini ya mawe, chini ya wafu."

"Kuna bibi anaishi pale." Nilionyesha. Moshi wa jiko la nyanya ulikuwa unapanda.

Alitazama. "Yule wa ndizi? Hutugawia maji ya kunywa, yule mathe." Aliwageukia wenzake. "Tumalize hilo gunia twende."

Nilikaribia kumshukuru. Ndipo nikatazama chini, kwenye mfereji mdogo uliokuwa unatiririka kutoka pangoni kati ya miguu yao. Maji yalikuwa rangi ya chai.

Nilifungua mdomo, na kelele niliyoisikia haikuwa yangu. Baba mkubwa alikuwa anashuka ukuta na vijana wa kanisa nyuma yake, suti, tai, viatu vya ibada, marungu. Mtu alikuwa amempelekea habari katikati ya mahubiri.

Sijawahi kuona watu wakipigana hivyo na sitaki kuona tena. Hakukuwa na matusi mengi. Rungu liligonga taya na taya ikalegea kama mlango uliotoka bawaba. Mwalimu wa kwaya, mtu ambaye huimba sauti ya tatu macho yakiwa yamefumba, alimkanyaga mtu shingoni. Mchimbaji mmoja alizungusha mtaimbo ukavunja mkono wa kijana niliyesoma naye shule ya msingi, nikausikia mfupa. Nilikuwa katikati nikisema, "Maji, tazameni maji," na kiwiko cha mtu, sijui cha upande gani, kikanipiga mdomoni. Nililitema jino langu kwenye nyasi nilizokuwa nazitunza mimi mwenyewe.

Baba mkubwa na mwenye jezi walikuwa wameshikana. Baba mkubwa alimgonga kwa rungu begani, mara ya pili sikioni. Yule mwingine alianguka, akainuka na sururu, akaiinua juu ya kichwa cha baba mkubwa aliyekuwa ameteleza kwa vile viatu vya kanisani. Nilimwona anachagua mahali pa kupiga.

Ndipo ukuta ulipotoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anayekaa kwenye kiti cha mbao. Dari ya pango ilishuka na mtu aliyekuwa ndani, ambaye sote tulikuwa tumemsahau, akapiga yowe.

Sururu ilishuka ikaanguka kando ya baba mkubwa, ardhini. Mwenye jezi alikuwa tayari ameshika miguu ya mwenzake na anavuta. Mwalimu wa kwaya akashika kiuno cha mwenye jezi. Walimtoa na goti limegeukia nyuma, na nyuma yake maji yakatoka, mazito, yakirusha mawe madogo.

"Mfereji wa pembeni," nilimwambia baba mkubwa. Damu ilikuwa inanijaza mdomo na nilikuwa natema kati ya maneno. "Tuuchimbe uwe na kina. Tuyatoe kule nyuma ya kilima kabla hayajatoka huku."

"Bwawa litakwisha."

"Ndiyo."

Alitazama maji yake. Mashua zilikuwa zinayumba kule juu, za njano na bluu. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa swali. "Leo ni Sabato."

"Baba, mama yako yuko nyumbani kwa sababu leo ni Jumamosi. Ingekuwa jana angekuwa sokoni. Ingekuwa kesho angekuwa misa."

Alimgeukia mwenye jezi, ambaye sikio lake lilikuwa linaning'inia. "Mna sururu ngapi?"

"Za kutosha," alisema yule. "Ila leo hutulipi kwa mpira."

Wakapanda. Watu waliokuwa wanauana walisimama bega kwa bega kwenye mfereji wa pembeni wakaanza kuufukua, na wachimbaji wa dhahabu, lazima niseme, wanajua kushuka haraka. Maji yaliuona mlango, yakaanza kuupanua yenyewe. Yalinguruma kuelekea nyuma ya kilima yakibeba vichaka. Bwawa lilianza kushuka. Lakini pango nalo lilikuwa linakula, na kwa macho yangu niliona kwamba bwawa halitashuka kwa haraka inayotosha. Tulikuwa tumenunua muda tu. Nikakimbia kwa nyanya.

Alikuwa mlangoni, na rozari mkononi.

"Nimesikia," alisema. "Mdomo wako umefanya nini?"

"Nyanya, twende. Sasa."

"Yuko wapi?"

"Anachimba. Nyanya, ukuta unakuja."

"Basi akimaliza kuchimba aje na jogoo."

Nilimshika mkono nikavuta. Alinipiga kwa fimbo yake ya mwiba, begani, halafu usoni, pale pale palipokuwa na jino. Nilimkumbatia kiunoni nikamwinua, na yule bibi mwepesi kama kikapu alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikaanza kumbandua vidole, kimoja, kingine, na yeye akinilaani kwa majina ya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa nalia. Nilikuwa namuumiza na nilikuwa naendelea. Kijito kando yetu kilikuwa kimepanda mpaka kwenye jiwe la kufulia.

Baba mkubwa alitokea kwenye ua akiwa na kiatu kimoja.

"Mwache," alisema.

Nikamwachia. Nyanya akajinyoosha kitambaa cha kichwa.

"Mama," alisema, "twende. Nakuomba."

"Ng'ombe wako akitumbukia shimoni Jumamosi, unamtoa," nyanya alisema. "Mimi mama yako nataka jogoo mmoja tu."

Sijui walitazamana kwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu vya kutosha kuzika ukoo mzima. Kisha mzee wa kanisa akainama, akamkimbiza jogoo mwekundu kuzunguka kaburi la baba yake. Jogoo alikwepa chini ya ghala. Baba mkubwa alilala kifudifudi kwenye tope na suti yake, akaingiza mkono, akamtoa kwa mguu. Alichanwa kwa kucha mpaka kwenye kifundo na hakumwachia.

"Shoka," nyanya alisema.

"Mama, hakuna wakati."

"Liko nyuma ya mlango."

Nililileta mimi. Baba mkubwa alitaka kulichukua kwa mkono wa kushoto na nyanya akasema, "Begani. La kulia," na akaliweka begani, la kulia. Akatangulia. Nyanya akafuata, pole pole, kama bibi harusi, na mimi nyuma yake nikimwomba Mungu wa makanisa yote mawili nisimsukume. Hakugeuka kulitazama kaburi. Ni mwiko.

Tulikuwa tumefika kwenye mteremko, kwenye mkonge, ukuta ulipoondoka. Haukupasuka kama nilivyokuwa naota. Ulikaa chini katikati, kisha maji yakasimama badala yake, ya rangi ya chai, yenye mashua ya njano juu. Yalichukua zizi na ndama ndani yake. Yalichukua jiko na moshi wake. Nyumba iligeuka mara moja tu, polepole, kama mtu anayetaka kuona nani amemwita, halafu hapakuwa na nyumba. Simiti ya kaburi ilibaki, na mbuzi mmoja aliyekufa juu yake.

Wachimbaji walikuwa kule ng'ambo, wametulia. Nilimwona mwenye jezi akishusha kofia.

"Hapa," nyanya alisema, akagonga ardhi kwa fimbo. "Nitalala hapa. Leo."

Banda la samaki lilikuwa limesimama, kwa kuwa lilikuwa juu. Maji yalipopungua, vijana wa kanisa na wachimbaji, waliokuwa bado na nguvu, walibomoa mabati yake na nguzo zake, pamoja na ile nguzo ya kamba za mashua. Mwenye jezi aliibeba mwenyewe. Aliitupa miguuni pa baba mkubwa. Baba mkubwa aliitazama kidogo, akaisimamisha kwenye shimo la kona, akashindilia udongo kwa mguu usio na kiatu. Mwenye jezi aliishika iwe wima. Hawakuangaliana.

Nilikuwa nimekaa chini, kitambaa mdomoni, jogoo amefungwa kwenye kifundo changu cha mguu, nikiwaza kuhusu ndama, polisi, goti la yule mtu, na kama udongo wa mteremko huu unateleza. Nyanya alikaa karibu nami. Aliuangalia uvimbe alionipa.

"Una nguvu, mke mwenzangu," alisema. "Mume wetu alichagua vizuri."

Baba mkubwa alikuwa juu ya ngazi na nyundo. Washiriki waliokuwa wamebaki kanisani walikuwa wamefika na wamesimama barabarani, kinamama na nguo zao nyeupe, wakimtazama mzee wao akipiga nyundo siku ya Bwana na manyoya ya jogoo yamemganda kwenye koti. Aliwaona. Akageuza uso kuangalia jua juu ya ziwa, upande wa Karungu. Lilikuwa bado halijazama, lilikuwa mbali sana na kuzama. Akachukua msumari mwingine kutoka mdomoni, akaupigilia.